Kokwa za Ukwaju

Sista Mbeyu aliniuliza: mara ngapi kwa siku?
Joto halina saa, mwanangu, nikamwambia.
Akanipa daftari. Mimi na kalamu hatuzoeani,
nikatafuta kopo la maziwa na kokwa za ukwaju:
likinipanda, kokwa moja, ng'a! ndani.

Nina miaka sitini na minane.
Hedhi niliiaga mwaka tulioezua makuti tukapiga mabati,
nikadhani tumemalizana.
Sasa kidonge kinafunga
hata kile kitone cha homoni kilichobaki,
maana uvimbe wa titi la kushoto
ulikuwa ukinywa hapohapo.

Kidonge changu ni kipya au ni cha zamani?
Sijui. Daktari naye hajui.
Ndio utafiti, wanasema:
twende wote gizani, taa itawashwa mwisho.

Usiku, hapa Maweni, naamka nifungue dirisha,
namkuta binti yangu Swafiya keshalifungua.
Arobaini na tisa. Kanga imemganda mgongoni.
Yeye ni umri, mimi ni dawa.
Tunasimama bega kwa bega kama mapacha,
hatusemi kitu.

Hospitali, Jumanne, nikamimina kopo mezani: kumi na saba.
Ila mjukuu alichota za kuchezea bao,
sijui ngapi. Nikasema kweli.
Sista akafikiri, akaandika: haijulikani.

Nikamwuliza, pana mahali pa kumwandika Swafiya?
Akapekua karatasi, kisanduku kwa kisanduku.
Akaigeuza.
Nyuma palikuwa peupe.