Ukurasa wa Pili

Kazi yangu ni kukaa kwenye kigoda pembeni
na kutosema neno.
Mkononi kalamu, pajani fomu, shingoni saa ya kupimia mbio
niliyoinunua Mwanjelwa kwa mwalimu mstaafu wa michezo.
Mtoto hanitazami, nami sitakiwi kutazamwa.
Namtazama anayemtazama.

Julai. Baridi ya Mbeya imeingia hadi kwenye meno.
Tuntufye amevaa koti la mtumba juu ya sare,
viganja amevipasha kwanza kwenye kikombe cha chai
kabla hajamgusa mtoto. Nimeliandika hilo,
ingawa fomu haina mahali pake.

Gwakisa ana miaka sita na vizibo arobaini na kimoja.
Anavipanga kando ya ukuta, behewa baada ya behewa,
vya bia mbele, vya soda nyuma,
na kimoja kilichopinda, ambacho sharti kiwe cha tisa.
Usiniulize kwa nini.
Mwaka wa kumi na mbili huu kwenye kazi ya usonji
na kila asubuhi hiyo *kwa nini* hunitangulia mlangoni.

"Gwakisa, niangalie."
Sekunde tatu. Tano. Natia kistari.
"Niangalie."
Kistari.
Tuntufye amekificha kizibo cha tisa kwenye kiganja.
Ni mbinu. Iko ukurasa wa pili.
Ukurasa wa pili niliuandika mimi,
nikautia saini, nikaugonga muhuri,
mwaka ule nilipoamini
kwamba jicho likikutana na jicho
basi mlango umefunguka.

Hakulia. Waliolia chumba hiki nawajua kwa sauti.
Huyu aliushika mkono wa Tuntufye,
akaupapasa kidole kimoja kimoja, taratibu,
kama mtu anayechambua maharage gizani,
akafika penye kizibo, akatulia.
Hakunyang'anya.
Alingoja, uso ameuelekeza dirishani,
ambako Loleza ilikuwa imejifunika wingu hadi mabegani.

Fomu inauliza: Je, mtoto ameomba? Ndiyo. Hapana.
Mtoto ameomba kuliko mimi ninavyojua kuomba.
Fomu inauliza: Je, ametazama?

Tuntufye akanigeukia. Ana miaka ishirini na mitatu,
ameshuka juzi kutoka Rungwe na cheti ambacho wino haujakauka,
na anaiogopa saini yangu.
Macho yake yakaniuliza: nimpe?
Haya sasa ndiyo macho niliyoyafundisha kutazama,
na hofu ndiyo iliyokuwa ndani yake.

Nikasema, "Mpe."
Neno langu la kwanza tangu saa mbili asubuhi.
Kizibo kikarudi nafasi ya tisa. Treni ikaondoka.

Saa sita mama yake amekuja, Subilaga,
udongo wa viazi vya Isyonje bado chini ya kucha.
Kila Jumanne huuliza swali moja, hata kabla ya salamu kuisha:
"Leo amewaangalia?"
Kanisani wamemwambia mtoto asiyekuangalia
kuna kitu anakificha.

"Leo ameomba," nikamwambia.
"Kwa mdomo?"
"Kwa mkono."
Akanyamaza. Akamfunga Gwakisa vifungo vya sweta,
akaruka kimoja, akaanza upya.
"Hata nyumbani huniomba hivyo," akasema.
"Tangu ana miaka miwili.
Sikujua kama inahesabika."

Usiku nimeufungua ukurasa wa pili.
Nimekata mistari minne kwa kalamu nyekundu,
ile ile ninayowasahihishia vijana wangu.
Wa tano nimeuacha kwanza. Sina hakika nao.
Umeme umekatika, nikabaki nimeshika kalamu.

Kesho kuna mtoto mpya, anatoka Chunya.
Baba yake ametuma ujumbe mchana kutwa:
*Je, mtamfundisha kuangalia watu usoni?*
Bado sijamjibu.
Salio ninalo.