Kisanduku cha Tisa

Jina: Lhundup. Nililiandika mara tatu,
mara tatu kompyuta ikalipigia mstari mwekundu
kama mwalimu aliyeamka vibaya.
Akacheka. Akasema kwa Kihindi, lugha ambayo
Ruwi nzima tunaiazima bila kuirudisha:
"Taratibu, mama. Sina ndege ya kuwahi."

Agosti, saa tano, lami nje inanata.
Kiyoyozi changu kinadondosha maji kwenye ndoo.
Bintiye Yangzom, muuguzi, amemleta babake
apumzike Maskati miezi mitatu,
na serikali, kama kawaida yake, inataka fomu.

Nchi ya asili. Nikashuka na kidole, nikapanda nacho.
Orodha ina visiwa vya watu wasiojaza msikiti,
ina nchi iliyokufa na bado haijafutwa.
Tibeti haimo.
"Weka India," akasema, akanisogezea kijitabu cha njano
ambacho si pasipoti ila kinafanana na nduguye.
"Nimezoea."

Kisanduku cha tisa: Kazi.
Hapo akavua miwani.

Alianza karani wa kambi, kusini mwa India,
kwenye mahindi yaliyoliwa na tembo,
akiandika majina ya wazee wa theluji
waliokuwa wakifa kwa joto.
Aliomba pampu ya maji. Ilikuja
kwa barua ya arubaini na moja.
Halafu mwalimu wa hesabu, halafu mkaguzi wa shule,
halafu watu wake, waliomwagika
kama mchele uliotoboka gunia safarini,
wakampigia kura aingie bunge lisilo na nchi.
Bunge la kweli, akasisitiza, lina spika na lina ugomvi.
"Siku mbili tulibishania bei ya magodoro ya mabweni.
Siku mbili! Ukikosa mpaka wa kulinda,
unalinda godoro."

Kisha waziri wa fedha, miaka minne na kitu,
na fedha yenyewe ni kodi isiyo na askari wa kuidai.
Niliinua kichwa.
"Wapishi wa hoteli walituma. Wauza sweta wa barabarani walituma.
Kila mmoja nilimwandikia risiti."

Risiti.
Baba yangu, Seif bin Humud, karani wa bandari Unguja,
alishuka Matrah na nguo za kubadili
na kitabu cha risiti chenye kurasa kumi na tisa.
Bandari haikuwa yake tena, wala hakuna aliyemtuma.
Mpaka anakufa, chumba cha nyuma, Al-Khoudh,
alikuwa akikagua kama namba zinafuatana.
Tulimcheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.
Tulipohama nyumba, kitabu tulikitupa.

"Ukaishia wapi?"
"Nilishindwa kwa kura kumi na moja.
Kesho yake nikawahi ofisini kumngoja aliyenishinda,
nimwoneshe droo inayokwama:
unainua kidogo, ndipo unavuta."
Na mkono wake, hewani mbele yangu,
ukainua, ukavuta.

"Nikuandike waziri?"
"Watauliza wa wapi."
Nikabonyeza *Nyingineyo*. Ikafunguka nafasi nyembamba.
"Mtumishi," akasema.
Fomu ni ya Kiarabu, nikaijaza kwa Kiarabu,
lakini kichwani neno lilikuja kwa lugha ya mama,
ambamo mtumwa na mtumishi wamenyonya ziwa moja,
na ukitaka kuwatenga uulize nani kawatuma.
Huyu alitumwa na wauza sweta.

Akalipa riali moja na nusu, sarafu kwa sarafu,
kisha hakuondoka.
Mashine yangu ilikwisha karatasi tangu Jumapili.
Nikachana ukurasa wa daftari, nikaandika kwa mkono:
nimepokea, kiasi, tarehe, sahihi.
Akavaa miwani, akaisoma juu mpaka chini.
"Haina namba," akasema.

Nikaichukua tena.
Nikaandika: 1.