Kigae Kinachopumua

Unene wake hauzidi ukucha wangu,
kigae hiki nilichokikata Jumatatu
kwa kikatio cha maandazi cha wifi yangu Zabulia.
Usicheke. Kipenyo kilikuwa sawasawa.

Unga wa zirkonia, uliotiwa itria kidogo,
tuliukoroga hadi ukawa uji wa mgonjwa,
Bulakuvye akauparaza juu ya kioo kwa wembe mrefu.
Kisha tanuri: digrii elfu moja na mia nne.
Vigae kumi na viwili viliingia.
Leo vipo saba.

Upande mmoja, nikeli yenye vitundu:
hapo hupita gesi ya mashapo ya mawese.
Upande wa pili, weusi wa lanthani, mlango wa hewa.
Katikati kigae chenyewe, bahili, hakipitishi pumzi,
ila kikifika mia nane
huachia oksijeni ipite,
kila chembe na elektroni zake mbili mgongoni,
ikiruka pengo hadi pengo
kama watu wavukao Luiche kwa mawe.
Ng'ambo inatua mzigo, inashikana na hidrojeni,
inakuwa maji.
Elektroni zilizotuliwa haziruhusiwi kukatiza.
Sharti zizunguke nje, kwa waya,
na huko kuzunguka ndiko tunakokutaka.

Hakuna mwali. Hakuna moshi.
Jenereta la kinu linanguruma nyuma ya ua,
Gungu nzima inalisikia.
Letu halisemi kitu.

Cha kwanza kilikufa kwa salfa:
harufu ya yai bovu tuliidharau.
Vinne niliviua mwenyewe.
Nilizima moto upesi, nikiwahi msiba Simbo;
mlangoni nikasikia *tak*,
*tak*, kama mtu anavunja karanga.
Bibi hakugusa chungu kabla majivu hayajapoa.
Mfinyanzi hulia gae, alisema,
na ugali wangu ulikuwa kweli juu ya gae.

Basi leo, digrii mbili kwa dakika.
Kuanzia saa moja asubuhi.
Bulakuvye amekunywa chai mara tatu, amepiga miayo, amelaani.
Saa nane kasoro, sindano ya mita ikajikuna,
ikapanda:
volti sita na ushee.
Kitaa kikawaka, cha rangi ya mawese mabichi.

Kwenye bomba la kutolea, tone.
Nililionja. Halina ladha yoyote.

"Sasa hakizimwi," Bulakuvye akasema. "Nani analala hapa?"

Mkeka nimeshautandika.