Kulabu

Mimi ndiye niliyemchapia barua miaka tisa
Admirali mstaafu Lowell Tveiten, mkuu wa chuo chetu
huku Dakota Kaskazini, ambako bahari
iko mwendo wa siku tatu kwa gari
na theluji huziba mlango wa maktaba mpaka Aprili.

Kazaliwa katikati ya ngano. Bahari kaijulia ukubwani,
tena kwa juu: kipande cha chuma kikiyumba gizani,
taa chache, nyaya nne zimelazwa sitahani,
na chini ya mkia wa ndege kulabu moja
ya kudakia waya. Ukiukosa, unarudi mawinguni
na mafuta yanakuhesabia pumzi.

Hakupenda kusimulia.
Matajiri wafadhili walipomwomba hadithi za vita mezani,
aliwapitishia chumvi.

Maprofesa walinong'ona: huyu atatupigisha kwata.
Wapi! Kamati ya maegesho ya magari ilimtoa jasho.
"Kutua usiku ni rahisi," aliniambia, "waya hauna maoni."
Idara ya Kijerumani aliifunga yeye.
Bi Ulrike alitoka na chungu chake cha maua kifuani,
na Admirali akabaki dirishani mpaka gari likapotea.

Lakini kila Mei, usiku wa kuamkia mahafali,
nilimkuta ofisini, viatu kavua,
orodha ya wahitimu mbele yake, akitamka.
Pa Houa Xiong. Delphine Ironcloud. Oyunbileg Ganbold.
Alinituma niwapigie wazazi simu:
sauti inapanda wapi, inashuka wapi?

Mwaka wa mwisho nikamuuliza, ya nini yote haya.
Akavua miwani. Zamani, alisema, huko Pensacola,
alipanda ngazi za nyumba moja, kofia kwapani.
Rubani wake hakudaka waya.
Na pale mlangoni, mbele ya mama mtu,
akalitamka jina vibaya.
Mama akamsahihisha. Taratibu. Mara mbili.
Ndipo akalia.

Jina lenyewe hakunitajia.

Asubuhi, upepo ukicheza na majoho uwanjani,
alisimama wima penye kipaza sauti, akaita
majina mia nne na kumi na moja,
na kwa kila moja, mahali fulani kwenye viti,
kichwa kiliinuka.
Nami nilikuwa nikihesabu kwa vidole,
kama ahesabuvyo mtu aliyebaki sitahani
ndege za wenzake zikirudi.