Safu ya Kumi na Nne

Wamenipa fomu yenye safu sitini na tatu,
kalamu yenye nembo ya kiwanda, kofia ngumu,
na kijana wa kunitembeza, Isabirye,
anayelitamka neno "endelevu" kama anayetafuna muwa:
kwanza utamu, kisha makapi.

Nimekuja kupima wema wa basi.
Mbio zake, na breki kwenye mteremko wa Bugembe,
hayo yana wapimaji wao.
Mimi napima kilichoungua ili lizaliwe,
kilichomwagika, kilichotupwa,
nani alikatika kidole,
na kama kidole hicho kiliandikwa mahali.

Safu ya kwanza, umeme. Hapa Jinja hiyo ni rahisi:
bwawa liko pale chini, halilali,
mto unaingia nyayani, nyaya zinaingia betrini.
Safi, naandika. Kisha naulizia jenereta.
Isabirye anavitazama viatu vyake.
Lita mia mbili na kumi kwa wiki, umeme ukikatika,
na umeme, dada, hukatika.
Naandika.

Vyuma chakavu huuzwa kwa mafundi wa Masese,
vinarudi mjini vikiwa majiko na mageti. Vizuri.
Betri, zitakapochoka, miaka minane ijayo,
zitapelekwa mahali panapofaa.
Panaitwaje?
Hapajapata jina.
Naandika: hapajapata jina.

Safu ya kumi na nne, maji.
Hapo anashuka Bwana Wakooli mwenyewe,
harufu ya sabuni nzuri, grafu mkononi.
Mstari unateremka bila kujikwaa:
mwaka juzi, mwaka jana, mwaka huu,
theluthi nzima imeokolewa.
"Mita haina mjomba," anasema,
na ananifunulia kifuniko nione.
Kweli. Tarakimu zinatambaa taratibu,
muhuri mzima, kioo hakina ufa.
Naweka alama ya vema.

Jioni narudi Walukuba nilikopanga chumba.
Uani, kwenye kamba ya Nangobi,
ovaroli tisa za samawati zinaning'inia,
miguu juu, mikono chini,
kama watu wanaotafuta sarafu iliyowadondoka.
Mgongoni, nembo ya kalamu yangu.

"Zamani zilifuliwa kulekule," anasema, hasimamishi mikono.
"Walikuwa na mashine kubwa. Ikauzwa.
Sasa kila mtu Ijumaa anabeba yake nyumbani,
na wasio na wa kuwafulia huniletea mimi.
Elfu moja kwa moja. Nusu inaliwa na bomba."
Povu lake lina rangi ya basi.
Linafuata mfereji, linapita mlangoni kwa jirani,
linaishia kwenye magimbi.
Magimbi yamenawiri kweli kweli.
Hakuna anayeyachimba.

Madumu mangapi kwa ovaroli moja?
Ananitazama kana kwamba nimemuuliza umri.
Kisha anakunja vidole vyenye mikunyanzi ya maji:
matatu ya kufua, mawili ya kusuuza,
ya wapaka rangi usiyahesabu, utalia.
Wafanyakazi mia mbili na themanini.
Nazidisha nyuma ya stakabadhi, kwa tochi ya simu.
Theluthi yote inarudi,
na chenji juu.

Maji hayakupungua. Yalihama,
yakabadilisha mlipaji.

Asubuhi Bwana Wakooli hakasiriki hata kidogo.
Ananionyesha ukurasa wa tatu, herufi za sisimizi:
*vipimo vyote vihusu yaliyo ndani ya uzio.*
Na ni kweli, pameandikwa hivyo,
na mwandishi wa fomu ndiye anayenilipa.

Lakini pembeni mwa safu ya kumi na nne
kuna nafasi ya maelezo, upana wa vidole viwili.
Naibana mwandiko wangu:
*Taz. kamba ya Nangobi, Walukuba, Ijumaa jioni.*
Naiacha alama ya vema ilipo, nainamisha mkia wake
mpaka inafanana na alama ya kuuliza.

Isabirye ananisindikiza getini.
Kola yake nyeupe, imepigwa pasi ikasimama.
"Zangu," anasema bila kuulizwa,
"hufua mama."
Na anaichukua kofia ngumu,
anaifuta jasho langu kwa mkono wa shati.