Rambirambi Kutaisi

Nilifika Kutaisi, na baridi yaningia,
Nabisha kwa wasiwasi, mtoto kafungulia;
“Mama!” kaita upesi, salamu najipangia,
Mara jitu lenye ndevu, kwa sauti laitika!

Nikawaza: “Masikini, kafiwa na mama yake!
Baba kabaki nyumbani, kalirithi jina lake.”
Natoa noti kotini, rambirambi azishike;
Zauri kanitazama, mimi chozi lanitoka.

Mwanamke wa jikoni kaleta mkate moto,
“Deda!” kwa shangwe usoni, kamrukia mtoto;
“Dada, pole na huzuni,” kwa sauti nzitonzito.
Marehemu akaketi, chai yake ikifuka.

Jojia, mama ni baba; mama mzazi ni deda.
Kwa noti zangu, divai ya matanga ikafika.