Akiba ya Mshono

Desemba, barazani kwangu, Barabara ya Naboa,
vitambaa vinanijia kwa mafungu:
satini ya Nambozo, rangi ya parachichi bivu,
kitenge cha mwalimu Wamimbi ambacho bado kinanukia duka,
na Mama Nelima, kila mwaka, huvuta pumzi ndani
nikimzungushia utepe kiunoni.
"Andika thelathini na nne," ananiambia,
sauti imembana kooni, hataki kupumua.
Naandika thelathini na nne.
Nakata thelathini na saba.

Hiyo ndiyo siri ya kazi yangu.
Ndani ya kila mshono wa Krismasi
nakunja inchi moja huku, nusu kule,
kitambaa kilicholala, kinachongoja Januari.
Na Januari huja. Huja na barua za karo
na wateja wanaoingia mlangoni ubavu-ubavu
wakisema nguo imeruka,
wakisema sabuni ya siku hizi, Khainza, inabana.
Mimi sibishani na sabuni.
Nafumua.

Mwaka huu nimejishonea na mimi.
Nimejipima usiku, mlango nimefunga,
na utepe haujui urafiki.
Nikakata vilevile nilivyopimika. Bila akiba.
Nikajiambia, huu ndio ukuta wako, mama,
ukiupiga bega utasikia.

Tarehe ishirini na tano tulipanda Sironko
kwa Shangazi Nabifo.
Moshi wake tuliukuta chini kabisa, njia panda:
malewa yamezama katika rojo la karanga,
matoke yanapumua ndani ya majani yake,
kuku wawili, mbuzi, wali wa wageni,
na wazee wameshauzunguka mtungi wa pombe ya ulezi,
kila mmoja na mrija wake, kimya kama watu wanaosikiliza redio.

Sahani ya kwanza nilikula kwa njaa.
Ya pili nilikula kwa heshima.
Ya tatu ilipokuja nikaifunika kwa kiganja
na mwiko wa shangazi ukasimama hewani,
rojo likinidondokea vidoleni.
"Mla ni mla leo," akasema, "mla jana kala nini?"
Nikajibu, "Mla jana alikula haya haya, Shangazi,
na utepe haujasahau."
Watu wakacheka hadi mtoto akaamka.
Yeye hakucheka.

Aliketi kwenye kigoda, mwiko mapajani.
Akasema kulikuwa na Krismasi, sisi hatujazaliwa,
mlima ulikuwa umeshuka na shamba la baba yake,
kuku mmoja, watu kumi na tisa.
Yeye ndiye aliyekata, kwa wembe,
na shingo ikamtosha dada yake mdogo
kwa sababu dada alisema ameshiba.
"Alikuwa hajashiba," akasema. "Tangu siku ile
sijawahi kumwamini anayesema ameshiba."

Nini nimjibu mtu kama huyo? Nimweleze inchi?
Kiganja changu kilikuwa bado kimefunika sahani,
chekundu, kinanuka karanga.
Nikasema, "Basi nifungie."

Akainuka haraka kuliko umri wake.
Akachagua jani la mgomba, akalipitisha motoni likalegea,
akaweka malewa, akaweka paja,
kisha akaanza kukunja:
inchi moja huku, nusu kule,
kamba ya jani akaifunga kama pindo la mwisho.
Nilimtazama vidole. Kumbe naye ni fundi,
naye huacha kitu ndani kwa ajili ya siku zijazo.

Tulishuka kwa miguu, kusudi, hadi barabara ya lami,
kifurushi kikinipasha joto kwapani.
Penye daraja niliruka dimbwi
na nikasikia: tak.
Uzi mmoja tu, ubavuni.

Sikuilaumu sabuni.